Mama, baiskeli ikuenee wewe, si wewe uienee baiskeli

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya chombo ambacho sote tunakiona barabarani kila siku, lakini aghalabu hatukihesabu miongoni mwa dawa. Chombo hicho ni baiskeli. Tutaizungumzia hasa kwa upande wa mwanamke anayetaka kuiendesha kwenda kazini na kurudi, na kutembea nayo kwa raha zake mwisho wa juma. Nimechagua mada hii kwa sababu wanawake wengi huniuliza, na kwa sababu wengi huuziwa baiskeli zisizowafaa, kisha wakiumia hulaumu miili yao.

KISA CHA SHIMONI

Shimoni ni kijiji cha wavuvi kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, katika jimbo la Kwale, kilomita 75 hivi kutoka Mombasa. Ndiko wageni wanakopanda mashua kwenda kisiwa cha Wasini na mbuga ya baharini ya Kisite. Huko nina mgonjwa mmoja, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka 39, ambaye ni mpishi katika nyumba ya wageni.

Tulimpima presha mara tatu, siku tofauti, na kila mara ilikuwa 152 kwa 96 au karibu na hapo. Nikamwandikia dawa, nikamwambia apunguze chumvi, kisha nikatamka lile neno ambalo sisi madaktari tunalipenda sana: "Mama, fanya mazoezi."

Akanitazama. "Daktari," akasema, "mimi naamka saa kumi alfajiri, nalala saa nne usiku. Hayo mazoezi niyafanye ndotoni?"

Swali lake lilinitia haya, maana lilikuwa la haki. Nikamwuliza hufikaje kazini. Akasema kwa pikipiki ya boda boda, kilomita tano kwenda na kilomita tano kurudi. Hapo ndipo tulipopata wazo la baiskeli. Kilomita tano kwa mwendo wa kawaida ni dakika 20 hivi. Kwenda na kurudi ni dakika 40, na kwa siku tano za kazi ni dakika 200. Mazoezi yake yangepatikana bila kumwibia hata dakika moja ya usingizi.

Miezi miwili baadaye alirudi akiwa amekata tamaa. Magoti yalimwuma kwa nyuma. Vidole viwili vya kila mkono, kidogo na cha pete, vilikuwa na ganzi. Tena kulikuwa na uvimbe sehemu za siri ambao alinieleza kwa sauti ya chini baada ya kuhakikisha mlango umefungwa. Mavyaa wake alikuwa amekwisha kutoa hukumu: "Si nilikwambia? Baiskeli ni ya wanaume." Baiskeli yenyewe ilikuwa imepata mnunuzi.

Nilimwomba tutoke nje niione. Ilikuwa imeegemezwa kwenye mwembe. Fremu yake ilikuwa ya inchi 20, kipimo cha mwanamume mrefu wa futi sita. Mama huyu ana urefu wa sentimita 157. Kiti kilikuwa kimeshushwa hadi mwisho na bado kilikuwa juu mno kwake, na usukani ulikuwa mbali kiasi kwamba alilala juu yake kama mtu anayechota maji kisimani. Maradhi yake yote matatu yalikuwa pale mbele yangu, yameegemea mwembe. Mwili wake haukuwa na kosa lolote.

Kutokana na kisa hicho, hebu tujifunze hatua kwa hatua.

FAIDA YAKE MWILINI

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuzungumza ukiyafanya, lakini huwezi kuimba. Baiskeli kwenye njia tambarare, kama zilivyo nyingi kati ya Diani, Msambweni na Shimoni, huleta kiwango hicho hasa.

Mwaka 2000 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wapatao 30,000 wa Copenhagen kwa miaka mingi. Walioendesha baiskeli kwenda kazini walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 28 hivi kuliko wenzao wasioendesha, hata baada ya kuhesabu tofauti za uvutaji sigara na mazoezi mengine. Kwa mwenye presha, mazoezi ya kila siku ya namna hii huweza kuteremsha ile tarakimu ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Kwa mwenye kisukari, misuli inayofanya kazi huitumia sukari iliyomo katika damu.

Nchini Kenya jambo hili si la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na mijini walikuwa wengi zaidi kuliko mashambani.

Jambo moja tu baiskeli haifanyi vizuri: haiimarishi mifupa kama kutembea kwa miguu, kwa kuwa uzito wako hubebwa na kiti. Kwa hiyo usiache kutembea kabisa.

BAISKELI YA MSETO NI IPI?

Ukiingia katika duka la baiskeli utakuta jamii tatu kuu. Kuna za mashindano, zenye tairi jembamba na usukani uliojipinda chini. Kuna za milimani, zenye tairi nene lenye meno na fremu nzito. Tena kuna lile baiskeli letu la jadi, Black Mamba, linalobeba magunia, madumu na abiria bila kulalamika, lakini ni zito na ni la kimo cha wanaume.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji wa Ulaya na Marekani walichanganya jamii mbili za kwanza wakapata haibridi, au kwa Kiswahili chetu, baiskeli ya mseto. Imechukua wepesi na magurudumu makubwa kutoka kwa ya mashindano, ikachukua usukani ulionyooka, gia na breki za nguvu kutoka kwa ya milimani. Mwendeshaji huketi karibu wima, anaona mbele na pembeni. Huenda vizuri kwenye lami, na haishindwi na changarawe. Kwa mtu wa mjini anayekwenda kazini Jumatatu na kutembea ufukweni Jumapili, hakuna inayomfaa zaidi.

Je, ni lazima iandikwe kuwa ni ya kike? La. Zamani ilifikiriwa kwamba wanawake wote wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na fremu zikatengenezwa kwa fikira hiyo. Leo tunajua kwamba wanawake hutofautiana wao kwa wao sawa na wanaume. Tofauti zenye maana ni tatu: kwa wastani mwanamke ni mfupi kuliko mwanamume, viganja vyake ni vidogo, na mifupa yake ya makalio imeachana zaidi. Basi pima hayo matatu. Mimi mwenyewe, nikiwa daktari mzima, niliwahi kuuziwa baiskeli ya rangi ya waridi yenye kikapu na kiti kinene kama godoro, kwa sababu tu mwenye duka aliona mimi ni mwanamke. Niliiendesha wiki tatu, kisha ikawa ya kuanikia nguo.

KIPIMO CHA FREMU

Kwa haibridi, vipimo vya kuanzia ni hivi:

Urefu wa sentimita 150 hadi 160: fremu ya inchi 13 hadi 15.
Urefu wa sentimita 160 hadi 170: fremu ya inchi 15 hadi 17.
Urefu wa sentimita 170 hadi 180: fremu ya inchi 17 hadi 19.

Hivyo ni vipimo vya kuanzia tu, kwani watengenezaji hawapimi kwa namna moja. Hakikisha kwa mwili wako. Ikiwa baiskeli ina bomba la juu, simama uitie kati ya miguu, nyayo zote zikiwa chini. Kati ya bomba na mwili wako pabaki nafasi ya sentimita tatu au zaidi. Kisha keti ushike usukani: viwiko vipinde kidogo, mabega yasipande masikioni. Ukilazimika kunyoosha mikono kabisa ili uufikie, baiskeli hiyo ni ndefu mno kwako, hata kama miguu inafika.

Kwa mwanamke wa pwani anayevaa buibui au dera, na kwa mwenye magoti yanayouma, nashauri fremu isiyo na bomba la juu, ile unayoingia kwa kuvuka chini. Hulazimiki kurusha mguu juu, na ukiwa na mzigo nyuma unaweza kushuka upesi bila kuanguka.

KITI

Kiti ndicho kinachowafanya wanawake wengi waache baiskeli. Tukitazame kwa makini.

Kwanza ni kimo. Keti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa imefika chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukisogeza mguu ili sehemu pana ya wayo, nyuma ya vidole, ndiyo ikanyage pedeli, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo pake. Kiti kikiwa chini mno, goti huuma kwa mbele. Kikiwa juu mno, goti huuma kwa nyuma, na nyonga hucheza kulia na kushoto, ngozi ya sehemu za siri ikisuguliwa. Yule mama wa Shimoni alikuwa na hilo la pili.

Wengi hukishusha kiti ili nyayo zote mbili zikanyage chini wakiwa wameketi. Ni kosa. Unaposimama, shuka kwenye kiti, usimame mbele yake. Jifunze hilo uwanjani kabla ya kuingia barabarani.

Pili ni upana. Uzito wako unapaswa kubebwa na mifupa miwili ya makalio, usibebwe na nyama laini iliyo katikati. Kuipima ni rahisi nyumbani. Weka kipande cha boksi la katoni juu ya kiti kigumu cha mbao, kikalie kwa dakika moja huku umeinua visigino kidogo, kisha inuka. Utaona vibonde viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, halafu ongeza sentimita mbili au tatu. Huo ndio upana wa kiti chako kwa baiskeli ya kukaa wima.

Tatu ni ugumu. Usidanganywe na ulaini. Kiti laini sana huzamisha mifupa, na sponji hupanda katikati kukandamiza mahali pasipotakiwa. Kiti cha wastani chenye mfereji katikati huwafaa wengi.

Nne ni mlalo. Kiti kilale sawasawa. Pua yake ikielekea juu hata kidogo, utapata ganzi au uvimbe. Ganzi ya sehemu za siri si jambo la kuzoewa. Simama, rekebisha kiti, na ikiendelea mwone daktari. Usione haya, tumeyasikia yote.

USUKANI NA BREKI

Kwa matembezi na kwenda kazini, usukani uwe usawa wa kiti au juu yake kidogo. Ukiwa chini, uzito wa kifua huangukia viganja, na mshipa wa fahamu unaopita kiganjani upande wa kidole kidogo hubanwa. Ndiyo asili ya ganzi ya vidole viwili niliyoitaja. Shika usukani huku kifundo cha mkono kimenyooka, na badilisha mshiko mara kwa mara.

Vishikio vya breki hutengenezewa mkono mkubwa mara nyingi. Keti, weka viganja mahali pake, ujaribu kuvifikia kwa vidole viwili bila kuachia usukani. Usipovifikia, mwambie fundi avisogeze. Breki nyingi za haibridi zina skrubu ndogo kwa kazi hiyo, na haimchukui fundi hata dakika mbili. Usitoke dukani kabla hajafanya hivyo, kwani breki usiyoifikia ni sawa na breki isiyokuwapo.

Kuhusu aina, breki za mpira zinazobana rimu hutengenezeka kwa fundi yeyote chini ya mti. Za diski zinazotumia mafuta hushika vizuri hata kwenye mvua, lakini zikiharibika huhitaji fundi mwenye vifaa vyake. Ikiwa unaishi mbali na mji, chagua zile unazoweza kutengenezewa.

MAGURUDUMU, GIA NA CHUMVI YA BAHARI

Haibridi nyingi zina gurudumu liitwalo 700C. Hapa kuna mtego ambao umewaponza wengi. Tairi la Black Mamba, linalopatikana katika kila duka la kijijini, huitwa la inchi 28, na la 700C pia wakati mwingine huitwa la 28. Lakini rimu ya Black Mamba ina kipenyo cha milimita 635 na ya 700C ni milimita 622. Haziingiliani hata kwa kulazimisha. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza mahali unapoishi kama tairi na tyubu ya 700C hupatikana. Zisipopatikana, una njia mbili: nunua za akiba mapema, au chagua mseto wenye gurudumu la inchi 26, ambalo vipuri vyake si adimu. Vivyo hivyo kwa vali: ile nene kama ya gari hujazwa popote, hata kituo cha petroli, ilhali ile nyembamba huhitaji pampu yake.

Upana wa tairi uwe milimita 35 kwa anayekwenda kwenye lami tu, na milimita 40 au zaidi kwa anayeingia vijijini. Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga ni lami, lakini vichochoro vya Shimoni, Kibuyuni au Gazi ni mchanga na mawe ya matumbawe. Tairi jembamba huzama mchangani likamwangusha mtu.

Kwa kuwa pwani ya kusini ni tambarare, gia saba zinatosha kabisa. Usilipie gia 21 kwa sababu tu nambari ni kubwa. Kinachokupinga huku ni upepo kuliko mlima: kusi ikivuma, anayeelekea kusini hukanyaga kama anayepanda kilima, na hapo gia nyepesi itayaokoa magoti yako. Kanyaga upesi kwa gia nyepesi badala ya kusukuma kwa nguvu gia nzito.

Adui mwingine ni chumvi. Hewa ya bahari hula chuma. Fremu ya alumini huvumilia zaidi, lakini mnyororo, bolti na nyaya za breki huota kutu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji matamu, kausha, utie mnyororo mafuta kidogo kila juma, na baiskeli ilale ndani. Usiiendeshe ndani ya maji ya bahari hata kama picha itapendeza.

Wanunuzi wa mitumba kutoka Uingereza na kwingineko Ulaya, ambayo mara nyingi ni baiskeli imara, wakague hasa fremu kwenye viungo vyake. Ufa mdogo kama unywele ni sababu ya kuiacha, hata ikiwa bei ni nzuri namna gani.

BUIBUI, LESO NA MGUU WA MTOTO

Hapa nazungumza kwa uchungu. Nimeshona jeraha la kisigino cha mtoto wa miaka minne aliyebebwa nyuma ya baiskeli, mguu wake ukaingia katika spoku. Ngozi yote ya nyuma ya kisigino ilikuwa imefunuka kama ganda la ndizi. Aliyembeba alikuwa mama yake, akimwahisha shule. Alikuwa mwangalifu kupita kiasi, ila baiskeli haikuwa na kinga.

Basi ukinunua baiskeli, hakikisha ina madigadi, kifuniko cha mnyororo, na wavu au kinga ya spoku gurudumu la nyuma. Kinga hiyo huulinda pia ncha ya buibui na leso. Kama haikuja na baiskeli, fundi anaweza kuiunda. Mtoto asipakiwe juu ya keria tupu: awe na kiti chake chenye mkanda na mahali pa kuweka miguu, na avae viatu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asibebwe kwa baiskeli kabisa, wala mgongoni kwa leso, maana shingo yake bado haijakomaa kustahimili misukosuko.

Mguu ukinaswa, simama papo hapo. Usiuvute, wala usilizungushe gurudumu. Legeza gurudumu au kata spoku. Osha jeraha kwa maji safi, lifunike kwa kitambaa safi, umpeleke mtoto hospitali hata kama linaonekana dogo. Jeraha la spoku hudanganya: siku ya kwanza ngozi huonekana nzima, siku ya tatu hufa. Ataangaliwa pia kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Kwa mavazi yako, buibui halizuii baiskeli. Vaa suruali ndani, funga pindo kwa lastiki au pini upande wa mnyororo, na mtandio uingizwe ndani usipepee. Kofia ngumu ya baiskeli hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu nusu, na huvalika juu ya mtandio mwembamba. Kabla ya jua kuchomoza na baada ya kuchwa, uwe na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na nguo ya rangi ya kung'aa. Barabara kuu ina malori yanayoelekea mpaka wa Tanzania na matatu zenye haraka. Panapokuwa na njia ya kando, ipendelee hiyo.

IMANI ZISIZO NA MSINGI

Wasichana wangapi wamenyimwa baiskeli kwa kuambiwa itawatoa ubikira au itawazuia kuzaa? Tuliseme waziwazi. Utando wa ukeni huumbwa kwa namna nyingi tofauti tangu kuzaliwa, na hali yake haithibitishi lolote kuhusu mwenendo wa msichana. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe. Kuhusu uzazi, kizazi kimehifadhiwa ndani ya mifupa ya nyonga, na kiti cha baiskeli hakikifikii.

Tena hofu hii haikuanzia kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Ulaya walipoanza kupanda baiskeli, walikuwako madaktari huko waliowatisha kwamba nyuso zao zitakakamaa, wakaupa ugonjwa huo jina la "uso wa baiskeli". Ugonjwa wenyewe haukuwahi kuwapo.

Upande wa pili, huko Zambia wasichana wa shule za mashambani walipopewa baiskeli na watafiti wakawafuatilia, safari ya shule ilipungua kwa karibu theluthi moja, na siku za kukosa masomo zikapungua kwa zaidi ya robo. Ukimnyima binti baiskeli, ujue unamnyima na masomo pia.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Mwone daktari kabla ya kuanza ikiwa presha yako ni 180 kwa 110 au zaidi, ikiwa unapata maumivu ya kifua au kizunguzungu ukijitahidi, au ikiwa umejifungua kwa upasuaji hivi karibuni.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asiendeshe akiwa na njaa. Abebe peremende au glukosi mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba la ghafla, asimame ale. Tende nazo hufaa. Katika mwezi wa Ramadhani, epuka safari nzito saa chache kabla ya kufuturu, na uzungumze na daktari wako mapema kuhusu dawa.

Mjamzito mwenye afya aliyekwisha kuzoea baiskeli aongee na muuguzi wake wa kliniki. Hatari kubwa ni kuanguka, kwa kuwa tumbo likikua mizani ya mwili hubadilika. Wakati wa mimba si wakati wa kujifunza baiskeli.

Na neno kwa wote: usiache dawa zako za presha kwa sababu umepata baiskeli. Dawa na baiskeli ni majirani, hawafukuzani.

NAMNA YA KUANZA

Juma la kwanza na la pili, endesha dakika 10 hadi 15, siku tatu, asubuhi kabla ya jua kali au baada ya saa kumi jioni. Juma la tatu na la nne, fikisha dakika 20 hadi 25. Kuanzia juma la tano, jaribu safari ya kazini siku mbili kwa juma, kisha ongeza. Maumivu madogo ya makalio siku za mwanzo ni kawaida na huisha. Maumivu ya goti, ganzi na uvimbe si kawaida: rudia vipimo vya kiti na usukani. Vaa chupi ya pamba, usiketi na nguo zenye jasho, na kunywa maji ya kutosha.

UKIFIKA DUKANI, JIULIZE

1. Je, nimeipanda na kuiendesha, au nimeitazama tu?
2. Kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini, je, mguu umenyooka?
3. Je, viwiko vyangu vimepinda kidogo, na vidole vinafikia breki?
4. Je, upana wa kiti unalingana na kile kipimo cha boksi?
5. Je, tairi na tyubu zake zinapatikana ninakoishi?
6. Je, kuna madigadi, kifuniko cha mnyororo na kinga ya spoku?

Jibu likiwa "la" kwa swali lolote, ama muuzaji arekebishe, ama uende duka jingine. Pesa ni zako, na magoti pia ni yako.

Namalizia kwa yule mama. Ile baiskeli ya inchi 20 ilikwenda kwa mnunuzi wake. Akatafuta ya mtumba, ya mseto, ya inchi 15 isiyo na bomba la juu. Tuliipima pamoja na fundi pale pale chini ya mwembe, na fundi akamwunganishia wavu wa spoku. Baada ya majuma matatu ganzi ilikuwa imekwisha, na magoti hayakumwuma tena. Miezi sita baadaye presha yake ilikuwa 136 kwa 84. Siwezi kudai ni baiskeli peke yake, kwa kuwa dawa alikuwa akizimeza na chumvi alikuwa ameipunguza. Lakini dawa zilikuwa zile zile, sikulazimika kumwongezea.

Na mavyaa wake? Siku hizi ndiye anayemtuma gatini kununua samaki, "kwa vile una chombo."